Ukuta Ukilowa, Nani Alipe?

Masika yakishaanza Dar es Salaam, simu yangu haitulii. Mwezi wa nne ndio mbaya kuliko yote. Simu nyingi ni za wenye nyumba, na karibu zote huanza vilevile: “Fundi, pita pale kwangu Tabata, kuna ukuta umechafuka. Beba na rangi kabisa.” Mimi ni fundi bomba, rangi si kazi yangu. Lakini nimeshazoea. Mwenye nyumba akiona doa anawaza rangi, kwa sababu bei ya ndoo ya rangi anaijua na bei ya kubomoa bafu hataki kuijua.

Mpangaji akipiga, hana habari na rangi. Anazungumzia kifua cha mtoto, godoro lililoota ukungu upande wa ukutani, suti ya harusi iliyotoka madoa ikiwa kabatini. Halafu anauliza: “Hivi fundi, hii ni juu yangu au juu ya mwenye nyumba?”

Jibu langu huwaudhi wote wawili. Sijui, mpaka nijue maji yanatoka wapi. Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali, hata katika nyumba safi kuliko zote Masaki; kinachosubiriwa ni unyevu tu. Mahali pakilowa na kubaki pamelowa siku moja au mbili, ukungu unaanza kuota. Kwa hiyo ugomvi wa ukungu ni ugomvi wa maji. Ukiipata njia ya maji umeshapata na wa kulipa, maana njia hiyo lazima ipite kwenye kitu cha mtu: bati la mwenye nyumba, bomba la mwenye nyumba, au AC na nguo mbichi za mpangaji.

Kuna nyumba moja ya Tabata niliyoitwa kwa namna hiyo. Ni zile nyumba za wapangaji kadhaa chini ya paa moja, kila mtu na mlango wake, sebule ndogo, chumba, na choo cha ndani. Chumbani kwa dada mmoja muuguzi ukuta ulikuwa na doa kubwa kama sinia, katikati kijivu, pembeni weusi uliotawanyika vidoadoa, na rangi imevimba kiasi kwamba ukiigusa inabaki kidoleni. Mwenye nyumba, mzee mstaafu, alikuwa amesimama mlangoni na hukumu ameshaitoa. “Huyu binti madirisha hafungui. Kutwa nyumba imefungwa, halafu usiku anaanika sare zake humuhumu ndani. Ukuta utaacha kulowa?”

“Samahani mzee wangu,” dada akamjibu, “nikiacha dirisha wazi nikaenda zamu ya usiku, asubuhi nitakuta hata sufuria hakuna.”

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Sare zilikuwa zimening'inia pale kwenye kamba, na habari za wezi wa madirishani sina haja ya kumweleza mkazi yeyote wa mji huu. Ila kweli mbili hizo hazikuniambia maji yanatoka wapi.

Nikakata kipande cha nailoni, ile ngumu ya kujalidia daftari, nikakausha uso wa ukuta kwa kitambaa, kisha nikakibandika juu ya doa kwa selotepu pande zote nne, hewa isipite. Nikawaomba kisiguswe hadi kesho kutwa. Kipimo chenyewe ni rahisi na mtu yeyote anaweza kukifanya. Nailoni ikitoa jasho upande wa chumbani, unyevu ni wa hewa ya ndani: mvuke wa sufuria, nguo mbichi, pumzi za waliolala. Ikitoa jasho upande wa ukutani, maji yamo ndani ya ukuta wenyewe.

Niliporudi, matone yalikuwa yamejipanga nyuma ya nailoni, upande wa ukuta. Sare zikawa zimeachiwa huru.

Nyuma ya ukuta ule kuna bafu la mpangaji wa pili. Nikafunga koki zote za nyumba nikaenda kutazama mita. Kile kigurudumu chake kidogo kimetulia tuli. Bomba la maji safi lina presha saa zote, likivuja mita haitulii hata usiku wa manane. Basi halikuwa hilo. Ikabaki njia ya maji machafu. Nikamtuma kijana dukani aniletee pakiti ya rangi ya biriani, nikaikoroga ndani ya ndoo, nikaimwaga taratibu kwenye bafu la jirani. Jioni yule dada akanipigia: doa limegeuka la machungwa.

Tulipong'oa marumaru za bafuni tukakuta kiungo cha bomba la plastiki ambacho hakikuwahi kutiwa gundi. Aliyejenga alikisukumiza tu kikashika, akafukia, akapiga zege juu, akalipwa. Tangu siku hiyo, kila jirani akioga, kikombe kimoja au viwili vya maji vilikuwa vinaingia ukutani. Rangi aliyoitaka mzee ingeng'aa wiki chache, kisha ingevimba palepale.

Si kila doa linahitaji upelelezi wa namna hiyo. Mengi yanajieleza yenyewe ukiyatazama vizuri. Duara la rangi ya chai kwenye dari la gipsamu, linalopanuka baada ya kila mvua, ni la paa: raba za misumari ya bati zimekauka, au bati limetoboka, au gata limejaa majani na maji yanarudi ndani. Duara hilohilo likipanuka hata kiangazi, panda juu ukaangalie simtanki. Boya likichoka, tanki linafurika kila maji yanapotoka, na yakifurika usiku hakuna anayeona.

Doa linalonisumbua zaidi ni lile la chini. Linaanzia sakafuni, linapanda mpaka magotini, mengine kiunoni, na linaacha unga mweupe unaochuruzika ukiupangusa. Watu husema ukuta unatoa chumvi, na kweli ni chumvi. Tofali la saruji linanyonya maji ya ardhini na kuyapandisha; maji yanakauka usoni, chumvi yake inabaki na kubandua rangi na plasta. Dawa yake ilipaswa kuwekwa siku ya kwanza: karatasi ya kuzuia unyevu inayotandazwa juu ya msingi kabla ya kupanga tofali. Ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na nyumba nzima, na ndicho cha kwanza kurukwa pesa zikianza kuisha. Ukiongeza mchanga wenye chumvi na maeneo ambayo maji ya ardhini yako karibu, kama sehemu za Mikocheni na Msasani au kando ya bonde la Msimbazi, umepata ukuta usiokauka maisha yake yote. Nimeona wenye nyumba wakiubandika marumaru hadi mita moja ili kuuficha. Unyevu haukauki kwa kufunikwa, unapanda tu mpaka juu ya marumaru na kutokea huko, sasa usawa wa macho.

Halafu kuna maji ya hewani, na hapa ndipo wapangaji wangu hupunguza urafiki. Hewa ya Dar imebeba maji mwaka mzima. Ukifunga chumba, ukawasha AC nyuzi 18 usiku kucha, kuta zinapoa. Ukizima na kufungua mlango asubuhi, hewa yenye joto inaingia, inagusa ukuta wa baridi na kuacha maji pale. Ongeza jiko la gesi kwenye kona ya sebule na nguo za watoto zinazokaukia juu ya viti kwa sababu nje mvua haikatiki. Ukungu wa aina hii huota vidoa vyeusi kwenye kona za juu, nyuma ya kabati lililobanwa ukutani, chini ya kitanda, yaani kule upepo usikofika. Vuta kabati mbele upana wa kiganja, fungua madirisha mawili yanayotazamana hata saa moja kwa siku, pandisha AC hadi nyuzi 25, safisha bomba lake la kutolea maji. Hayo ni ya mpangaji, na hayana gharama. Lakini kama bafu halina hata tundu la hewa, au dirisha la chumba limejengewa ukuta wa jirani inchi nane mbele yake, sitamwambia mpangaji afungue nini.

Sheria yenyewe sikuisoma chuoni. Niliisikia kwenye Baraza la Kata, nilipoitwa kueleza nilichokikuta ndani ya ukuta fulani, na kijana mmoja anayejua sheria akafungua kitabu chake akatusomea. Kumbe Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 88, inaingiza ahadi za mwenye nyumba ndani ya kila mkataba wa pango, hata kama karatasi ya dalali haikuziandika. Anaahidi kumwacha mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa kodi. Anaahidi kwamba nyumba, au chumba, kinafaa kwa binadamu kuishi siku anapokipokea, na kitaendelea kufaa muda wote wa pango. Na pale anapopangisha sehemu tu ya jengo, kama ile nyumba ya Tabata, paa, kuta kubwa, mifereji mikuu ya maji machafu na vitu vya matumizi ya pamoja ni vyake kuvitunza. Mzee aliyekuwa anashtakiwa alisikiliza, akauliza kwa sauti ya kweli kabisa: “Hata kama sikuahidi?” Akaambiwa hata kama hukuahidi.

Kifungu kinachofuata, cha 89, kinamgeukia mpangaji: alipe kodi, atumie nyumba kwa uangalifu, ayatunze majengo aliyokabidhiwa. Uchakavu wa kawaida wa miaka haumhusu. Uharibifu wake mwenyewe unamhusu. Nina kisa cha mpangaji wa Sinza aliyetoboa ukuta ili atundike runinga, akatoboa na bomba. Maji yalipochuruzika akaziba tundu kwa dawa ya meno na kuning'iniza kalenda juu yake. Ilipofika siku ya kuniita, kabati la chumba cha pili lilikuwa limeoza miguu. Mwenye nyumba hakudaiwa hata shilingi, na ilikuwa haki.

Kuna kipande kingine cha kifungu cha 88 ambacho watu wa mabondeni wangepaswa kukijua kwa moyo. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au ajali nyingine isiyotokana na uzembe wa mpangaji, hata isikalike yote au sehemu yake, kodi inasimama kwa kiwango cha uharibifu huo mpaka irekebishwe. Ikipita miezi 6 bila kurekebishwa, mpangaji anaweza kutoa taarifa ya mwezi 1 na kuvunja mkataba.

Kwenye karatasi inapendeza. Mtaani kuna kitu kinachoitwa kodi ya miezi sita. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mambo mengi yameachwa kwenye makubaliano, na makubaliano ya mji huu ni kwamba unalipa kwanza. Mpangaji ambaye kodi yake imeshaliwa hadi Septemba atasimamisha nini ukuta ukilowa mwezi wa nne? Hana cha kuzuia. Ndiyo maana simu yake ya tatu haipokelewi. Wenye nyumba wengi ninaowajua si watu wabaya. Kodi yote imeshaenda kwenye ada za shule na bati la nyumba nyingine, na siku paa la kwanza linapovuja hawana hata pesa ya misumari. Lakini shida yao ya fedha haihamishi bati kuwa la mpangaji.

Njia ninayoiona ikifanya kazi ni ya makubaliano ya maandishi kabla ya fundi kugusa kitu. Mpangaji anatengeneza kwa pesa yake, risiti zinatunzwa, na kiasi hicho kinakatwa kwenye kodi ijayo. Neno muhimu ni “kabla”. Ukitengeneza kwanza kisha ukapeleka risiti, utaambiwa fundi wako ni ghali, na huenda ni kweli. Meseji ya simu inatosha: “Mzee shikamoo. Bomba la bafuni limepasuka, fundi amesema laki na ishirini. Naomba ruhusa nilipe, tukate kwenye kodi ya mwezi wa kumi.” Akijibu “sawa mwanangu”, umepata mkataba. Weka na picha ya doa, yenye tarehe. Wapangaji wetu hupenda kulalamika kwa mdomo, koridoni, wakipishana na mwenye nyumba. Kisha mwaka ukiisha mmoja anasema nilikwambia na mwenzake anasema sikusikia.

Na usemi ule wa dalali, “matengenezo madogo madogo ni ya mpangaji”, uulizie maana yake siku ya kusaini. Mimi nikiulizwa husema madogo ni yale unayoyamaliza bila kubomoa: raba ya koki, balbu, sinki lililoziba kwa mabaki ya chakula, kitasa. Chochote kinachodai nyundo na tindo kina mwenyewe, na mwenyewe ana hati ya kiwanja.

Wapo wanaoona haya yote ni kukuza mambo. Ukungu tu, pangusa na Jik uendelee na maisha. Kwenye marumaru na vioo, sawa, Jik inatosha, ila usiichanganye hata siku moja na dawa ya choo yenye tindikali, hewa itakayotoka hapo inaunguza mapafu. Kwenye plasta inasafisha uso tu. Maji yakiendelea kuja na ukungu unarudi. Na kwa afya, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 likieleza kwamba wanaoishi kwenye majengo yenye unyevu na ukungu wanapata zaidi matatizo ya kifua, ikiwemo pumu.

Uingereza walijifunza kwa gharama ambayo hakuna mzazi angependa kuilipa. Katika mji wa Rochdale, mtoto Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki Desemba 2020 akiwa ametimiza miaka 2 siku chache tu kabla. Baba yake alikuwa amelalamikia ukungu wa nyumba yao ya kupanga tangu mwaka 2017, na akaambiwa apake rangi juu yake. Novemba 2022 afisa anayechunguza vifo alitamka kwamba mtoto alikufa kwa maradhi ya mfumo wa hewa yaliyosababishwa na kukaa muda mrefu kwenye ukungu. Mwaka uliofuata bunge lao likapitisha kifungu kinachoitwa kwa jina la mtoto huyo, na tangu Oktoba 2025 wanaopangisha nyumba za jamii wanawekewa saa: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24, unyevu na ukungu unaotishia afya uchunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na baada ya uchunguzi pafanywe salama ndani ya siku 5 za kazi. Nilipoisoma habari ile nilisimama kwenye hilo neno la rangi. Kule nako.

Kwetu saa ya namna hiyo haipo, lakini milango ipo. Anza kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, maana wanamjua mwenye nyumba na mara nyingi aibu ya kuitwa pale inatosha. Kama maji machafu yanapita ukutani au karo linafurika, mwite afisa afya wa kata aje aone kwa macho yake; neno lake lina uzito kuliko langu. Ikishindikana, nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 halitoi hukumu, linasuluhisha tu, na likishindwa kusuluhisha ndani ya siku 30 unaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukienda, nenda na mkataba, zile meseji, zile picha, na kama unaweza, na fundi aliyefungua ukuta. Nimeshaona mashauri yakipinduka pale kwa sababu tu mtu alikuja na kipande cha bomba lililopasuka ndani ya mfuko wa rambo akakiweka mezani.

Yule mzee wa Tabata alilipia bafu, kwa kununa. Jirani alioga kwa dada muuguzi wiki nzima marumaru zilipokuwa zinarudishwa. Ukuta tuliuacha wazi bila plasta mpaka ukauke kabisa, jambo ambalo wenye haraka hawalipendi, kwa kuwa ukipiga plasta juu ya tofali bichi umefungia maji ndani. Rangi ilikuja mwisho, na nikaipaka mimi mwenyewe.

Kwa anayetafuta nyumba sasa hivi: usiende kuiona mchana wa jua kali. Nenda siku mvua imenyesha, au kesho yake. Angalia dari kabla ya sakafu. Fungua makabati ya ukutani na unuse. Bonyeza ukuta wa nyuma ya choo kwa kidole gumba. Ukiona kona moja tu ya chumba ina rangi mpya na nyingine tatu zimefifia, uliza kulikuwa na nini pale, na uhakikishe unamuuliza mpangaji wa chumba cha jirani. Dalali anasubiri kodi yake ya mwezi mmoja, na ataipata ukishasaini, ukuta uwe mkavu au la.